Kuipeleka familia Mosi-oa-Tunya kwa barabara kutoka Lubumbashi: mwongozo kamili

Kila Septemba, shule zikifunguliwa hapa Lubumbashi, nasikia hadithi ile ile kutoka kwa watu tofauti. Walipanga kwenda Livingstone, Zambia, kuonyesha watoto maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria). Wengine waliishia Kasumbalesa, mpakani, kwa sababu mtoto mmoja hakuwa na kadi ya njano. Wengine walifika wakakuta jabali kavu. Wengine pesa iliwaishia Lusaka, wakageuza.

Mimi pia nimo. Mara ya kwanza nilipata konje (likizo ya kazi) mwezi wa Oktoba, nikawatoa watoto shule wiki moja, nikamchukua na mama yangu. Baada ya siku mbili na nusu za basi tukasimama ukingoni. Kitinda mimba wetu akachungulia bondeni, akanigeukia: "Papa, mayi iko wapi?"

Mara ya pili tulikwenda Julai, na mambo yakawa mengine. Hatua zilizo hapa chini zimetoka kwenye safari hizo mbili na maswali ambayo majirani hawaachi kuniuliza. Zifuate kwa mpangilio. Safari hii huharibikia Lubumbashi, mezani, wiki sita kabla ya kuondoka.

## Vitu vya kuandaa

- Pasipoti ya kila mmoja, hata mtoto mchanga, yenye uhai wa miezi 6 au zaidi na kurasa tupu.
- Kadi ya njano ya kimataifa (chanjo ya homa ya manjano) ya kila mmoja.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na nakala mbili za kila karatasi.
- Barua ya ruhusa ya mzazi asiyesafiri, iliyothibitishwa na notere (mthibitishaji wa hati).
- Viza, au jibu la wazi kutoka konsulat ya Zambia kuhusu viza.
- Dola safi: zisizochanika, zisizoandikwa kalamu, za matoleo mapya.
- Koti moja la mvua kwa kila mtu na mifuko ya nailoni ya simu.
- Jaketi au sweta. Julai asubuhi Livingstone kuna baridi kweli.
- Dawa za kawaida za nyumbani, chumvi za kuzuia kuhara, dawa ya mbu.
- Mfuko mdogo wa kuvaa kiunoni, wa mtu mzima mmoja tu. Ndani mnakaa karatasi zote.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua hoteli

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Zambezi, mto wenye maporomoko haya, huanzia kaskazini-magharibi mwa Zambia, karibu kabisa na mpaka wetu wa Kongo, ikapita Angola, ikarudi Zambia. Mvua ya huko hunyesha kuanzia Novemba hadi karibu Aprili, na maji huchukua wiki nyingi kuteremka mpaka Livingstone. Ndiyo sababu mto hujaa sana mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zinakwisha, na kupungua sana Oktoba na Novemba, wakati sisi huku tunaangalia mawingu na kudhani maji yamerudi.

Maporomoko yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108. Lakini kingo hazilingani. Upande wa Zambia mwamba uko juu zaidi, kwa hiyo maji yakipungua ndio unaokauka kwanza. Mkondo mkuu hubaki upande wa Zimbabwe mwaka mzima. Tena upande wa Zambia kuna kituo cha umeme kinachovuta maji ya mto huo huo. Ukienda Oktoba na kubaki Zambia, utaona ukuta mrefu mweusi wenye nyuzi chache za maji. Si kwamba umedanganywa. Umewahi au umechelewa.

Sasa Pasaka. Watu husema, "Basi twende Aprili, maji yakiwa mengi." Sawa, lakini mvuke unapanda juu na kurudi kama mvua ya masika. Utalowa mpaka soksi, utasikia mngurumo kifuani, na mbele yako hutaona ila weupe. Kuna watu wanaopenda hivyo. Watoto wangu wangependa. Mama yangu, hapana.

Ushauri wangu kwa familia ya Lubumbashi ni Julai. Shule zimefungwa, hakuna mvua njiani, maji bado ni mengi upande wa Zambia, na mvuke umepungua kiasi cha kuona chini. Agosti pia inafaa. Krismasi siipendekezi: maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi, na Kasumbalesa inafurika watu.

Onyo: usiwaonyeshe watoto picha ya Aprili kwenye simu kisha uwapeleke Oktoba. Mimi nilifanya hivyo.

Utajua umefaulu: una tarehe kati ya mwanzo wa Julai na katikati ya Agosti, na una siku moja ya akiba kila upande. Akiba hiyo si anasa. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo kwa siku chache kwa sababu ya mvutano wa biashara. Waliokuwa na tarehe za kubana walilala kwa shida.

## Hatua ya 2: Karatasi, kuanzia kwa mtoto mdogo

Anza na mtoto mdogo, kwa sababu karatasi zake ndizo husahaulika.

Kadi ya njano. Wazazi huniambia, "Lakini alichanjwa akiwa na miezi 9!" Ndiyo, na imeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kadi ya kliniki haivuki mpaka. Nenda nayo kwenye huduma ya usafi wa mipakani upate cheti cha kimataifa. Chanjo mpya huanza kuhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanjwa juzi na kusafiri leo hakusaidii. Habari njema: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10 na imepita, bado ni halali. Mtu akikuambia vinginevyo dirishani, mwonyeshe tarehe ya chanjo na umweleze taratibu, bila kupandisha sauti.

Ruhusa ya mzazi. Baba akisafiri na watoto bila mama, au shangazi akisafiri na watoto wa kaka yake, DGM (uhamiaji wetu wa Kongo) wana haki ya kuuliza ruhusa iko wapi. Iandikwe majina kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kwetu, mtoto aliitwa kwa jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa jina jingine kwenye pasipoti (postnom, jina linalofuata la ukoo, iliruka), na tulisimama dirishani dakika arobaini kwa ajili ya neno moja.

Viza. Konsulat ya Zambia iko hapa hapa Lubumbashi. Nenda na maswali matatu: tunahitaji viza gani, inaruhusu siku ngapi, inaruhusu kuingia mara ngapi. Swali la tatu ndilo lenye mtego. Ukivuka daraja kwenda kuona upande wa Zimbabwe, umetoka Zambia. Kurudi hotelini kwako ni kuingia upya, na kama viza ilikuwa ya mara moja, unalipa tena kwa kichwa. Watu sita, vichwa sita.

Utajua umefaulu: kila mtu ana bahasha yake: pasipoti, kadi ya njano, cheti cha kuzaliwa, nakala. Ziweke mezani, mhesabu pamoja na watoto. Watoto hupenda kazi hii kuliko unavyofikiri.

## Hatua ya 3: Pesa katika mafungu manne

Faranga zetu haziendi mbali baada ya Kasumbalesa. Beba dola, kisha badilisha kwacha, pesa ya Zambia, kidogo kidogo.

Gawanya hivi: fungu la nauli za kwenda, fungu la kulala na kula, fungu la viingilio na starehe, na fungu la nauli za kurudi. La mwisho lishonwe, lifungwe, lipewe nkambo (bibi). Kwetu alikaa nalo mama yangu ndani ya kitenge, na hakuna mjukuu aliyethubutu.

Wakambisti (wabadilisha pesa) wa mpakani wana haraka kuliko wewe. Badilisha kwao kiasi cha kukufikisha Chingola au Kitwe tu, na kingine ukabadilishe mjini, ndani ya duka la kubadilisha fedha. Zambia ilitoa noti mpya mwaka 2025, zikiwemo za kwacha 200 na 500. Kwa hiyo uliza kwanza noti zinazotumika zinafananaje, na usipokee za zamani gizani. Hesabu mwenyewe, noti ya mwisho ikiwa mkononi mwako.

Onyo: watu hupiga hesabu ya kiingilio kwa bei waliyosikia kwa rafiki wa Kitwe. Yule analipa bei ya raia. Wewe ni mgeni. Kongo iko ndani ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa hiyo uliza kama kuna bei ya SADC kabla hujatoa pesa. Hakuna atakayekukumbusha.

## Hatua ya 4: Kuvuka Kasumbalesa kabla ya jua kali

Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Ondoka saa 11 alfajiri. Sababu ni malori. Shaba yote inayoteremka kusini hupita hapo, na foleni ya malori huweza kufika kilomita kadhaa. Gari dogo hupenya pembeni asubuhi. Saa 5 halipenyi tena.

Mpangilio wa ndani ni huu: upande wetu unapita DGM kugonga pasipoti, watu wa afya wanaangalia kadi, forodha wanaangalia mizigo. Unatembea. Upande wa Zambia tena afya, uhamiaji, forodha. Maneno ni machache, kusimama ndiko kwingi.

Fanya hivi:

1. Mtu mzima mmoja tu ashike pasipoti zote. Mwingine ashike watoto. Wa tatu, kama yupo, ashike mizigo. Msibadilishane kazi.
2. Vijana watakuja mbio: "Papa, leta pasipoti, nakugongesha mbio." Sema asante, endelea kutembea. Pasipoti isitoke mkononi mwako isipokuwa kwa mtu aliye nyuma ya dirisha.
3. Ukiambiwa kuna malipo, omba risiti kwa upole, kisha kaa kimya. Ukimya wa mtu mwenye watoto wanne waliokaa juu ya mabegi una nguvu zake.
4. Kabla hujaondoka dirisha la Zambia, soma muhuri. Ofisa huandika idadi ya siku. Safari yetu ya kwanza tuliandikiwa 7 na tulitaka 10. Niligundua tukiwa Kitwe, nikaenda kupanga foleni ofisini siku nzima. Pale dirishani ingechukua dakika moja.

Ukiwa bado pale, wafundishe watoto jambo hili kabla ya kuvuka barabara yoyote: Zambia magari hupita kushoto. Kwetu mtoto amezoea kuangalia kushoto kwanza, huko gari linatoka kulia. Kijana wangu wa miaka 11, mwenye akili zake timamu, aliangalia kushoto, akaona pako wazi, akatia mguu barabarani. Mama muuza ndizi ndiye aliyemvuta kola. Ndizi tulizonunua kwake siku ile hatukuuliza bei.

Utajua umefaulu: saa 4 asubuhi mko ndani ya gari la kwenda Chingola, mihuri imesomwa, hakuna anayelia.

## Hatua ya 5: Ikate njia vipande vitatu

Kutoka Lubumbashi hadi Livingstone ni zaidi ya kilomita 1,000. Vijana huikimbia kwa pumzi moja. Wewe una watoto na mama.

Siku ya kwanza: Kasumbalesa, Chililabombwe, Chingola, Kitwe. Laleni Kitwe. Mtaona aibu kulala mapema hivyo, lakini mpaka umewachosha kuliko mnavyojua.

Siku ya pili: Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe, Lusaka. Njia ya Ndola hadi Lusaka imekuwa kwenye ujenzi wa kupanuliwa, kwa hiyo msiahidiane saa ya kufika. Laleni Lusaka.

Siku ya tatu: Lusaka hadi Livingstone, karibu kilomita 470, kupitia Mazabuka, Monze, Choma na Kalomo. Mabasi mazuri huondoka asubuhi sana. Tiketi nunueni jioni kwenye ofisi ya kampuni ndani ya kituo, isiwe kwa mtu anayewakimbilia getini. Epuka kusafiri usiku: barabara ina malori mengi, na ng'ombe hawana taa.

Sehemu hii watu huiita adhabu. Kwetu ndiyo ilileta raha ya kwanza, na sikuipanga. Mama yangu ni Mbemba. Alipanda basi la Kitwe kimya kama mgeni, akasikia wanawake nyuma yake wakisalimiana "Mulishani," akageuka. Kufika Ndola alikuwa ameshajua nani ameoa, nani amefiwa, na bei ya mahindi. Aliposhuka aliniambia, "Sasa miye niko mugeni wapi?" Ukiwa na mzee anayejua Kibemba, mkalishe katikati ya basi, usimweke dirishani. Ataokoa safari yenu mara tatu kwa siku.

Baada ya Kabwe, Kibemba kinapungua. Lusaka ni Kinyanja: "Muli bwanji," na "Zikomo" ni asante. Livingstone kuna Kitonga na Kilozi. Kwa Kitonga asubuhi ni "Mwabuka buti," na "Twalumba" ni tunashukuru. Kifaransa chenu kiacheni begini. Kiswahili chenu hakitawasaidia sana, ila mkifika kwenye jina la maporomoko yenyewe: Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Waulize watoto "mosi" ni nini. Watajibu wenyewe.

Jambo jingine ambalo halikuwa kwenye ratiba yangu: ngazi zinazotembea. Tulisimama dukani Lusaka kununua maji, ghorofa mbili, ngazi ya umeme. Binti yangu alipanda, akashuka, akapanda. Nikamwacha nusu saa. Leo ukimwuliza kuhusu Zambia, anaanza na ngazi.

## Hatua ya 6: Mahali pa kulala

Livingstone mjini kuko kama kilomita 10 kutoka maporomoko. Familia ilale mjini: kuna soko, kuna chakula, na teksi ni rahisi kupata. Hoteli za kando ya mto ni nzuri kwa waliooana jana.

Usilipe zote kwa picha. Nyumba ya wageni tuliyochagua mara ya kwanza ilikuwa na bwawa la kuogelea kwenye picha. Bwawa lilikuwepo. Lilikuwa na maji ya kijani, na ndani yake chura mmoja mkubwa aliyeonekana kuwa mpangaji wa muda mrefu. Watoto walilia siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wamempa chura jina. Lakini hela ilikuwa imekwenda.

Lipia usiku mmoja. Fika, fungua bomba, washa taa, kalia kitanda, ona chandarua. Ndipo ulipe zilizobaki. Uliza pia kama mnaruhusiwa kupika. Familia inayopika bukari (ugali) yake yenyewe mara moja kwa siku hubaki na pesa ya kiingilio cha pili.

Na usiwe na wasiwasi na chakula cha nje. Nshima ni bukari yenu iliyokataa muhogo. Sokoni Maramba tulikuta kikanda (wao husema chikanda), ile ya mizizi ya okidi na karanga, na munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ndani ya chupa za plastiki. Watoto walioigomea pizza ya Lusaka walikula kikanda mpaka kikaisha. Siku ile niliacha kutafuta mikahawa.

## Hatua ya 7: Siku ya maporomoko

Ingieni geti likifunguliwa. Asubuhi jua liko nyuma yenu upande wa mashariki, na upinde wa mvua husimama bondeni wazi kabisa. Vikundi vya watalii huja baadaye.

Kabla ya geti:

- Vaeni makoti ya mvua mliyokuja nayo. Ya kukodi yapo, yamevaliwa na watu wengi kabla yenu, na hunuka hivyo.
- Simu ndani ya nailoni. Pasipoti ziacheni mahali salama, isipokuwa mnakwenda darajani (hatua ya 8).
- Viatu vya kukamata. Kandambili huteleza.
- Chakula chote kibaki hotelini au ndani ya gari lililofungwa.

Hilo la mwisho lina sababu. Nyani wa pale hawaombi. Wanatambua mfuko wa nailoni kwa mlio wake. Mmoja mkubwa alikuja akitembea polepole kama mkaguzi, akachukua mkate wetu wote mkononi mwa mke wangu, akakaa hatua tano mbele, akaufungua, akala katikati na kutupa ganda. Mtu akinyang'anywa, aachie. Usivutane na nyani, na usimkimbize mbele ya watoto.

Njia ya ndani: anzeni na vituo vya kutazamia vilivyo karibu, kisha daraja la miguu liitwalo Knife-Edge. Pale hata Julai mtalowa. Mtoto chini ya miaka 6 ashikwe mkono muda wote. Kingo haziko zote na uzio. Kuna njia ya kuteremka mpaka chini bondeni, panapoitwa Boiling Pot. Kushuka ni raha, kupanda ni deni. Wazee wabaki juu, na anayeshuka abebe maji.

Kama tarehe zenu zinaangukia mwezi mpevu na mto bado una maji mengi, ulizeni getini kuhusu kufunguliwa usiku. Nyakati hizo mwanga wa mwezi hufanya upinde juu ya mvuke, wa kijivu hivi wenye rangi kwa mbali. Simu haiupigi vizuri. Macho yanauona.

Mkikuta maji machache: msikae ukingoni mkilaumiana. Mwamba ukiwa wazi, mtaona vizuri ule ufa ambao mto huangukia, jambo ambalo wa Aprili halioni kamwe. Waonyesheni watoto alama ya maji ukutani, kisha nendeni kwenye hatua ya 9. Sisi Oktoba hatukujua hilo, tukakaa saa mbili tukinyamaziana.

Utajua umefaulu: mmelowa, mnacheka, na simu zote bado zinawaka.

## Hatua ya 8: Daraja bila kuvuka nchi

Daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1905 linaunganisha Zambia na Zimbabwe, mita 128 juu ya mto. Mnaweza kutembea mpaka katikati bila kuingia Zimbabwe: kwenye ofisi ya uhamiaji ya Zambia ombeni karatasi ya kupita darajani, onyesheni pasipoti, nendeni, rudini, irudisheni. Msichanganye mstari. Mkiingia mstari wa wanaotoka nchini na kugongewa, mtego wa viza wa hatua ya 2 umefunga.

Simameni katikati mwangalie reli. Kwa njia hiyo ya chuma treni zilifika Elisabethville, yaani hapa kwetu, mwaka 1910. Kijana wangu anayependa treni alipiga goti kugusa chuma. Hayo yote yalitupatia nusu saa ya furaha bila kulipa kiingilio.

Kama mnataka kweli upande wa Zimbabwe, na hasa kama mmekuja miezi ya ukame, upangeni tangu Lubumbashi kwa viza inayofaa. Kuamua pale pale ni ghali.

## Hatua ya 9: Acha siku moja tupu

Familia nyingi hujaza kila siku: boti ya jioni, wanyama, makumbusho, kijiji. Siku ya tatu watoto wananuna na wazazi wanahesabu pesa. Ratiba yenu iwe na siku moja isiyo na kitu.

Siku hiyo ndiyo tuliyokwenda makumbusho ya reli, kwa sababu tu ilikuwa karibu na tulipokuwa. Watoto walipanda juu ya mabehewa ya zamani mpaka wakafukuzwa kwa upole. Jioni tuliona twiga pembeni ya barabara ya hifadhi ya Mosi-oa-Tunya tukiwa ndani ya teksi. Hifadhi hiyo ndogo ina vifaru weupe pia, na kuwaona kunahitaji mwongozaji na kulipia.

Kuhusu zawadi: kwenye vibanda vya vinyago mtauziwa mawe ya kijani, malakiti, kwa maneno matamu sana. Mengi yanatoka kwetu Katanga. Nilimwona jirani yangu mmoja akirudi Lubumbashi na tembo wa malakiti, amefunikwa kwa magazeti, kwa bei ambayo sitaki kuitaja. Nunueni vikapu vya Kitonga, kwetu hamvipati. Na msiguse pembe za ndovu wala ngozi ya mnyama, hata ziwe ndogo kiasi gani. Mpakani ni kesi.

## Hatua ya 10: Kurudi

Rudini kwa vipande vile vile vitatu, na mlale Kitwe au Chingola usiku wa mwisho ili mfike Kasumbalesa asubuhi. Anayefika jioni hukutana na foleni, giza na bei ya teksi ya giza.

Kwacha zilizobaki zitumieni Chingola: sabuni, mafuta, biskuti za shule. Wekeni risiti juu ya begi kwa ajili ya forodha, na vitu vya biashara msivichanganye na nguo za watoto. Muhuri wa kutoka Zambia, muhuri wa kuingia Kongo: someni yote miwili pale pale.

Kisha mwombeni nkambo afungue kitenge. Nauli ya kutoka Kasumbalesa mpaka nyumbani iwe bado imo, na dola zake ziwe safi, kwa sababu dereva wa Kasumbalesa akiona noti imechanika kona, hata awe shemeji yako, hataipokea.